Bia nyeusi ya hopsi inanikwaruza koo: nirekebishe nini kwanza?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Lanet, Nakuru. Kwa asiyezijua, hopsi ni maua makavu yanayoipa bia uchungu na harufu, na kimea ni nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa. Kwa ufupi anasema hivi: "Nimepika mara mbili bia nyeusi yenye hopsi nyingi, lita 20 kila mara, nikifuata maelekezo ya Kimarekani. Natumia gramu 700 za shayiri iliyokaangwa hadi nyeusi, naiweka pamoja na kimea chote tangu mwanzo. Maji ni ya kisima kirefu cha mtaani kwetu. Pishi la kwanza lilikuwa na ladha ya kahawa iliyoungua na uchungu wa kukwaruza koo. La pili nikapunguza hopsi za uchungu kutoka gramu 40 hadi 25. Koo bado linakwaruza, na sasa bia yenyewe imepooza. Siku ya kujaza chupa harufu ya hopsi huwa tamu mno, lakini wiki tatu baadaye haipo. Nibadilishe nini? Halafu majirani wameionja wanataka niwauzie, nifanyeje?"

Dada yangu, umenirahisishia kazi kwa kuandika vipimo. Wengi huniambia tu kwamba bia imekuwa chungu, nami nabaki kubahatisha. Wewe umenipa gramu, umenipa chanzo cha maji, na muhimu zaidi, umeniambia ulichobadilisha kati ya pishi la kwanza na la pili. Hapo ndipo nitakapoanzia.

Ulipunguza hopsi za uchungu kwa zaidi ya theluthi moja, na koo likaendelea kukwaruzwa vilevile. Kama hopsi zingekuwa na hatia, ukali ungeshuka pamoja nazo. Kilichoshuka ni ule uchungu safi unaoipa bia hii uhai, ndiyo maana pishi la pili likapooza. Kwa hiyo rudisha gramu zako 40. Ukali tutautafuta kwenye nafaka nyeusi na kwenye maji ya kisima, na harufu inayopotea tutaitafuta kwenye chupa.

Kabla ya hapo, kuna jambo la mahali unapoishi ambalo maelekezo ya Kimarekani hayakulitaja. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka yakifika takriban nyuzi 94 za Selsiasi. Hata ukiongeza moto namna gani, sufuria iliyo wazi haitapita hapo. Asidi za alfa zilizo ndani ya hopsi haziyeyuki vizuri kwenye bia zikiwa katika hali yake ya asili. Ni joto la kuchemsha linalozigeuza umbo zikawa uchungu tunaouonja. Kwenye nyuzi 94 mgeuko huo huenda polepole, kwa kasi ya takriban asilimia 60 ya ile ya nyuzi 100. Ukichemsha kwa saa moja, unapata uchungu pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko mtu wa pwani aliyetia gramu zilezile. Gramu zako 40 zilifanya kazi ya gramu 27 hivi, na zile 25 zilifanya kazi ya 17. Bia yako haijawahi kuzidiwa na uchungu wa hopsi hata siku moja. Aliye Kisumu, mita 1,131, maji yake huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, naye hupoteza kidogo kuliko wewe. Aliye Eldoret hupoteza zaidi. Njia ya kufidia ni kuongeza hopsi za mwanzo na kuchemsha kwa dakika 75 badala ya 60. Tafadhali usijaribu kuchemsha hopsi kwenye sufuria ya presha ili upate joto zaidi. Majani ya hopsi huziba tundu la mvuke, na sufuria iliyozibwa tundu hulipuka.

Sasa nafaka. Gramu 700 kwenye pishi la lita 20 ni zaidi ya asilimia 12 ya nafaka yako yote. Kiasi hicho ni cha stauti, bia ya aina ya Guinness, tena stauti nzito. Shayiri iliyokaangwa hadi nyeusi huja na uchungu wake, uchachu wake na ladha ya majivu, na ganda lake lililoungua ndilo linalotoa ule ukavu unaong'ang'ania nyuma ya ulimi. Kwenye stauti ukavu huo ni haki yake, kwa sababu hopsi zimekaa kimya. Kwenye bia yako hopsi zinazungumza kwa sauti, na machungu hayo mawili yakikutana koo ndilo linaloumia.

Wapishi wa Marekani walioitengeneza bia ya aina hii walilijua tatizo hilo mapema. Greg Noonan, aliyekuwa na baa na kiwanda kidogo cha bia, Vermont Pub & Brewery, mjini Burlington, ni miongoni mwa wanaotajwa kama waanzilishi wake miaka ya mwanzo ya 1990. Baadaye wapishi wa Oregon na Washington wakaitia hopsi zao za kimsonobari, nayo ikasambaa kwa jina la Black IPA. Mwongozo wa mwaka 2015 wa BJCP, chama cha Kimarekani cha waamuzi wa mashindano ya bia, unaiweka kwenye uchungu wa IBU 50 hadi 90 (IBU ni kipimo cha uchungu wa bia), pombe asilimia 5.5 hadi 9, na unasisitiza kwamba ladha ya kuungua iwe ndogo au ya wastani, isiwe ya majivu. Mtu akiinywa amefumba macho anapaswa kudhani ni bia ya hopsi yenye ladha ndogo ya chokoleti kwa mbali. Rangi ni ya kuonwa, na kwa pishi hili nakuomba uichukulie hivyo tu.

Ili upate rangi bila majivu, kuna kimea cheusi kilichoondolewa sehemu kubwa ya ganda kabla ya kukaangwa. Kinachojulikana zaidi ni Carafa Special cha Weyermann, kampuni ya Bamberg, Ujerumani. Ukikipata kupitia waagizaji wa Nairobi, chukua namba III, ambayo ndiyo nyeusi zaidi. Gramu 350 zinatosha kwa lita 20. Zitakupa weusi wa 32 hivi kwa kipimo cha rangi ya bia kiitwacho SRM, na hiyo ni nyeusi kabisa kwenye glasi. Usikichanganye na kimea kingine tangu mwanzo. Kimwage juu zikiwa zimebaki dakika 15 za kuloweka kimea kwenye maji ya moto, koroga, subiri, kisha chuja. Rangi hutoka haraka sana, ukali huchelewa, nawe unaondoka kabla ukali haujafika.

Usipokipata, usirudi kwenye shayiri nyeusi. Wewe unaishi karibu na Njoro, kwenye mashamba ya ngano, na ngano haina ganda kama la shayiri. Ikipurwa ganda linabaki shambani. Ngano iliyokaangwa vizuri hutoa rangi na ladha laini ya chokoleti bila ule ukavu. Nunua ngano ya kula, nzima, iliyo safi. Usiguse ngano ya mbegu, kwa kuwa ile yenye rangi ya waridi au kijani imepakwa dawa na ni sumu. Itandaze nyembamba kwenye trei, tanuri ya nyuzi 200 hadi 220, uikoroge kila baada ya dakika chache. Usitegemee saa. Vunja punje moja moja uangalie ndani: ndani pakiwa na rangi ya chokoleti nyeusi na harufu bado ni ya mkate na kakao, iepue upesi na uimwage kwenye trei baridi, maana hubaki ikijikaanga kwa joto lake. Moshi ukianza kuchoma macho, umepitiliza, na hiyo ni ya kutupa.

Umenitajia mwishoni mwa barua kwamba shangazi yako wa Vihiga alikuwa akipika busaa. Basi una mwalimu tayari. Kwenye busaa unga wa mahindi ulioloweshwa ukachacha hukaangwa juu ya bati hadi uwe wa kahawia, ndipo uchanganywe na maji na kimea cha wimbi. Mwanamke aliyekaanga unga huo miaka mingi hutambua kwa pua sekunde ambayo harufu ya mkate inageuka kuwa ya kuungua. Mwite akae nawe siku ya kukaanga ngano. Siandiki hili kumfurahisha shangazi. Ujuzi huo ndio wapishi wengi wa bia za hopsi wanaukosa, kwa kuwa nafaka nyeusi huwafikia tayari kwenye gunia.

Ngano uliyokaanga iweke kwenye mfuko wa karatasi kwa wiki mbili kabla ya kuitumia. Harufu kali za mwanzo huondoka zenyewe. Kisha saga gramu 500 kwa ukubwa wa punje za mahindi yaliyopasuliwa, uziloweke usiku kucha kwenye lita mbili za maji baridi yaliyochemshwa, mahali penye ubaridi. Asubuhi chuja kwa kitambaa safi bila kukamua. Maji hayo meusi utayatia kwenye sufuria dakika kumi kabla ya kuepua, yachemke na kuua vijidudu. Kukaanga kwa nyumbani hakufiki weusi wa Carafa. Bia yako itakuwa ya kahawia iliyokolea, yenye wekundu ukiiinua kwenye mwanga. Kwangu mimi hiyo ni bia nzuri kuliko nyeusi inayokwaruza.

Maji yako ndiyo mshukiwa wa pili, na hapa ningependa ukae nami kidogo, kwa kuwa wapishi wengi wa Nakuru na Naivasha hawayafikirii kabisa.

Maji ya chini ya ardhi ya Bonde la Ufa kwa kawaida yana bikaboneti ya sodiamu nyingi na kalisi kidogo. Bikaboneti hupinga asidi. Unapoloweka kimea, unataka pH (kipimo cha asidi, kikishuka asidi imezidi) iwe kati ya 5.2 na 5.6, kwa bia nyeusi mimi hulenga 5.4 au 5.5. Maji yenye bikaboneti nyingi huisukuma juu ya hapo. Nafaka nyeusi ina asidi yake, hivyo inapunguza tatizo kwenye kuloweka, lakini ukifika wakati wa kusuuza machicha, sukari na asidi zimeshatoka, maji ya kisima yanabaki peke yake juu ya maganda, na maganda hutoa tanini. Tanini ndiyo inayokausha mdomo kama chai iliyoachwa na majani. Zaidi ya hapo, pH ikiwa juu, uchungu wa hopsi nao hugeuka kuwa mkali na wa kukaa. Kwa hiyo maji yale yale yanakuharibia nafaka na hopsi kwa pamoja.

Kuyachemsha kabla hakutasaidia sana. Pale ambapo kalisi ipo ya kutosha, kuchemsha huitoa bikaboneti ikaganda kama chokaa chini ya birika. Maji yenu yana sodiamu, nayo haigandi. Halafu kuna floridi, ile inayotia meno ya watu wa Bonde la Ufa rangi ya kahawia. Haiondoki kwa kuchemsha. Mvuke ukitoka, floridi inayobaki huwa nzito zaidi. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imefanya kazi kwa miaka mingi ya kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa, na kama mtaani kwenu kuna kichujio cha aina hiyo, tumia maji yake kwa kunywa na kwa kupikia. Kumbuka tu kwamba mkaa wa mifupa hauondoi bikaboneti.

Njia rahisi ni maji ya mvua. Kinga kutoka mabati safi baada ya mvua kuosha paa kwa muda, yachuje, tumia hayo peke yake. Maji ya mvua ni matupu, karibu hayana madini, kwa hiyo utayajenga. Kwa lita 30 zote za pishi, ongeza gramu 6 za jasi (salfeti ya kalisi) ya daraja la chakula na gramu 3 za kloridi ya kalisi. Hizo zitakupa kalisi ya kutosha kwa hamira, salfeti ya kuuchonga uchungu wa hopsi, na kloridi ya kulainisha kinywa. Wapishi wa bia za hopsi zilizo nyeupe huongeza jasi mara mbili au tatu ya hiyo. Usiwafuate. Salfeti nyingi pamoja na nafaka iliyokaangwa huleta ukavu uleule unaoukimbia. Mvua ikikosekana, changanya nusu ya mvua na nusu ya kisima, na maji ya kusuuzia yatie asidi ya laktiki kidogo kidogo hadi karatasi ya kupimia ionyeshe chini ya 6. Msomaji wa Kisumu anayetumia maji ya mfereji hana mzigo huu wa bikaboneti. Yeye ashughulike na klorini, ambayo huondoka maji yakikaa wazi usiku kucha au yakichemshwa. Klorini ikibaki, huungana na vitu vilivyomo kwenye kimea na bia ikanuka dawa ya hospitali.

Hopsi zenyewe nitazipitia haraka. Mmea huu unataka siku ndefu za kiangazi ili ukue vizuri kabla ya kutoa maua, ndiyo maana mashamba yake makubwa yako Yakima nchini Marekani, Hallertau nchini Ujerumani na Kent nchini Uingereza. Afrika Kusini huko George wanalima aina walizozizalisha kwa ajili ya siku fupi kidogo. Sisi tulio kwenye ikweta, siku yetu ni saa 12 mwaka mzima, tunapokea zilizosafiri. Hivyo mwaka wa mavuno ulioandikwa kwenye pakiti una uzito kuliko jina la aina. Ziweke kwenye friza, pakiti iliyofunguliwa ifinywe hewa itoke, na ukisikia harufu ya jibini kuukuu usizitie kwenye bia. Kwa bia nyeusi napenda aina za Chinook, Simcoe na Centennial. Harufu zao za msonobari, utomvu na balungi hukaa vizuri pembeni ya chokoleti. Zile zenye harufu ya embe na pasheni ni nzuri kwenye bia nyeupe, ila zikikutana na nafaka iliyoungua mara nyingi hutoa kitu kama tunda lililooza. Hayo ni maoni yangu, wapo wanaopinga.

Basi pishi lako lijalo liwe hivi. Kimea cheupe cha shayiri kilo 4.8, kimea cha karameli gramu 250, na cheusi kama nilivyoeleza. Loweka kwa lita 16 za maji, joto litulie kwenye nyuzi 66, kwa saa moja. Suuza kwa lita 14 za nyuzi 76, uache kusuuza mara tu maji yanayotoka yakipoteza utamu. Chemsha dakika 75. Maji yakichemka tu, tia gramu 40 za hopsi za aina ya Magnum yenye asidi za alfa asilimia 13 hivi. Kama pakiti yako inasema tofauti, piga hesabu upate uwiano uleule. Zikibaki dakika 10, tia gramu 30 za Centennial na gramu 250 za sukari ya kawaida ya dukani, iwe ya Muhoroni au kwingine. Sukari hiyo inayeyuka yote kuwa pombe na kuifanya bia kuwa nyepesi mdomoni, jambo ambalo bia nyeusi inalihitaji sana. Epua, poza hadi nyuzi 80, tia gramu 60 za Simcoe na Chinook kwa pamoja, funika, acha dakika 20, ndipo upoze kabisa. Kwenye nyuzi 80 uchungu unaotoka ni mdogo na mafuta ya harufu hayaruki yote na mvuke. Hesabu yangu kwa mwinuko wako inafika IBU 55 hivi. Haidromita (kifaa kinachoelea cha kupimia sukari iliyomo kwenye bia) isome karibu 1.062 kabla ya hamira na 1.013 mwishoni, yaani pombe ya asilimia 6.4.

Hamira iwe ya bia, US-05 au inayofanana nayo, pakiti moja ya gramu 11.5, kwenye nyuzi 18 hadi 20. Hamira ya mandazi huacha ladha ya mkate mbichi na haitulii chini. Nakuru mmejaliwa hali ya hewa kwa kazi hii, ila usiku hushuka sana, kwa hiyo ndoo ikae chumba cha ndani na uifunge blanketi kuanzia siku ya tatu, wakati joto la uchachu wenyewe linapopungua. Kisumu na Busia mchana ni joto mno kwa hamira hiyo. Huko mpishi aweke ndoo ndani ya beseni la maji na kitambaa chenye unyevu, au atumie kveik, hamira ya wakulima wa Norway ambayo aina yake ya Voss huchachua vizuri hata kwenye nyuzi 35.

Sasa harufu inayopotea. Maelezo yako yanaonyesha kwamba hopsi zilifika kwenye bia salama na kupotelea kwenye chupa. Mwenye hatia ni oksijeni. Bia nyeupe ya hopsi ikipigwa na hewa hugeuka kahawia chafu ndani ya wiki chache, na mpishi anaona kwa macho kwamba ameharibu. Bia yako ni nyeusi tangu mwanzo, haikuonyeshi chochote. Inapoteza harufu kimyakimya na kuongeza utamu wa karatasi iliyolowa. Kwa hiyo lazima uwe mwangalifu kuliko mpishi wa bia nyeupe. Baada ya uchachu kukaribia kwisha, haidromita ikiwa 1.016 au 1.015, tia upesi gramu 80 za hopsi kavu, yaani bila kuzichemsha, funga, usifungue tena kuchungulia. Hamira iliyo hai bado itakula hewa iliyoingia. Siku tatu zinatosha. Zikikaa wiki nzima zinatoa ladha ya nyasi.

Usijaze chupa papo hapo. Hopsi zina vimeng'enya vinavyokata sukari ambazo hamira haikuziweza, na uchachu unaweza kuanza upya. Pima haidromita leo, kesho kutwa, na siku mbili baada ya hapo. Ikisimama mahali pamoja ndipo ujaze. Chupa ya kioo iliyojazwa mapema inaweza kupasuka mkononi mwa mtu. Sukari ya kutoa povu iwe gramu 120 kwa lita zote 20, iliyochemshwa kwenye maji kidogo na kumwagwa chini ya ndoo kabla bia haijaingia. Hamisha kwa mpira unaofika chini kabisa, bila kumwagilia kutoka juu. Jaza chupa hadi karibu na mdomo, funika kila moja mara inapojaa. Usipange zote wazi ndipo uanze kufunga. Wiki mbili ndani ya nyumba, kisha friji. Kunywa ndani ya wiki sita. Bia ya hopsi haizeeki vizuri, na kuitunza kwa ajili ya Krismasi ni kuitesa.

Kuhusu kuboresha baada ya hapo, nakuomba usibadilishe mambo mawili kwa pishi moja. Safari hii tunabadilisha mengi kwa sababu tunajenga msingi mpya. Kuanzia pishi litakalofuata, jambo moja tu. Na mengi unaweza kuyapima bila kupika. Chukua bia nyeupe yoyote, mimina mililita 200 kwenye vikombe vitatu vya bati, ambavyo havionyeshi rangi. Yale maji meusi ya ngano, yaliyochemshwa na kupozwa, ongeza kijiko kimoja cha chai kwenye kikombe cha kwanza, viwili cha pili, vinne cha tatu. Onja ukiwa umefumba macho, maana macho yakiona weusi ulimi huanza kuionja kahawa isiyokuwepo. Pale unapoanza kuhisi majivu, rudi nyuma hatua moja, hicho ndicho kipimo chako. Ukizidisha kwa hesabu hadi lita 20 unapata kiasi cha pishi zima kwa gharama ya chupa moja au mbili za bia.

Kwa hopsi, gawanya pishi kwenye ndoo mbili za lita 10, kila moja na hopsi zake kavu, vingine vyote sawa. Ukifika wakati wa kuonja, mpe jirani vikombe vitatu, viwili vya bia moja na kimoja cha nyingine, umuulize kipi si ndugu wa wenzake. Fanya hivyo kwa watu kadhaa. Wakishindwa kukitambua, tofauti unayoiona wewe ni ya matumaini, na hiyo pesa ya hopsi ghali waweza kuiokoa. Usiwaulize ipi nzuri kabla hawajaonyesha kwamba wanaona tofauti.

Mwisho, hao majirani wanaotaka kununua. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile watu waliyoizoea kwa jina la sheria ya Mututho, inataka leseni kwa anayetengeneza na kwa anayeuza pombe, na inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Ukipokea hata shilingi hamsini kwa chupa moja bila leseni, unajiweka mikononi mwa polisi, na ndoo zako zote huenda zikamwagwa. Nenda ofisi ya leseni za vileo ya kaunti hapo Nakuru, uwaeleze unachofanya na kiasi unachopika, wakuambie unachotakiwa kuwa nacho kabla ya pishi lijalo. Ukienda ubebe daftari lako la vipimo. Mpishi anayeweza kuonyesha kila pishi lilikuwa na pombe asilimia ngapi na maji yalitoka wapi husikilizwa tofauti na anayesema anapika tu. Majirani waambie wasubiri.